Mzinga wa Rye kwa Ngiri Moja Kasoro Soo? Piga Hesabu Kwanza, Mwanangu

Ijumaa moja jioni niko Kinango, napunga upepo tu, simu inalia. Ni jamaa yangu. Yeye ni mtoto wa huku huku, lakini kazi yake iko Diani, nyuma ya kaunta ya baa moja ya watalii. Amenitumia picha ya chupa. Lebo kali, herufi za dhahabu, imeandikwa Rye. Chini yake ameandika: "Mzinga ni 900. Niokote?"

Stori yake ni hii. Wiki hiyo mgeni alikaa kwa kaunta akaitisha Manhattan, na akasema anaitaka na rye, si kitu kingine. Jamaa akachukua wiski iliyokuwa karibu akamtengenezea. Mgeni akaonja, akatabasamu kwa heshima, akaacha glasi imejaa. Hakuna tipu. Jamaa akaona aibu, akaamua atafute rye ya bei ya chini ajifunze nayo nyumbani, ajue ladha yake, siku nyingine asishikwe. Hapo ndipo akaona tangazo kwa status ya msee fulani: rye ya Marekani, 750ml, 900 bob, delivery hadi Ukunda.

Sasa wewe ungemwambiaje? Wengi wetu tungesema okota haraka kabla iishe. Mimi nilimwambia angoja. Nilichomweleza usiku huo ndicho nataka nikuelezee na wewe, maana hii story si ya wiski peke yake. Iko na KRA ndani, iko na sera mpya ya pombe, iko na chupa tupu za Diani, na iko na macho yako mawili.

Na kama wewe hugusi pombe, kwa dini ama kwa hiari yako, heshima kubwa. Soma tu. Huenda kuna ndugu yako mmoja hii itamwokoa.

Kwanza, rye ni mnyama gani?

Rye ni nafaka, kwa Kiswahili tunaiita rai. Ni binamu ya ngano na shayiri, inapenda baridi, kwa hivyo usiitafute shamba la Kinango ambako hata mahindi yenyewe yanaomba mvua kwa magoti. Bourbon ya Marekani lazima angalau asilimia 51 ya nafaka zake iwe mahindi. Wiski ya rai nayo, kwa sheria ya Marekani, lazima angalau asilimia 51 iwe rai. Inawekwa kwa mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, na ikiingia kwa chupa nguvu yake haishuki chini ya asilimia 40.

Tofauti mdomoni ni hii. Mahindi yanaleta utamu, kama vanila na sukari guru. Rai inaleta ukali wa viungo: pilipili manga, karafuu, mdalasini kwa mbali. Mtoto wa Pwani haitaji kufunzwa ladha hiyo. Umekula pilau tangu uzaliwe.

Na ndio maana wanaojua kokteli wanaililia. Manhattan ina vermouth tamu ndani. Old Fashioned ina sukari. Ukiweka wiski tamu juu ya vitu vitamu, unapata sharubati. Rai inakata ule utamu, ladha ya wiski inabaki imesimama. Mgeni wa jamaa yangu hakuwa anaringa. Alikuwa anajua anachotaka.

Hata Washington alipigana na hii kodi

Kabla ujiambie kodi ya pombe ni balaa la Kenya peke yake, skiza hii. Mwaka 1791 serikali changa ya Marekani ilikuwa na madeni ya vita, ikaamua kutoza ushuru wa pombe kali inayotengenezwa nchini. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania wakawaka. Kwao wiski ya rai ilikuwa zaidi ya kinywaji. Barabara zilikuwa mbovu, kusafirisha magunia ya nafaka kuvuka milima ilikuwa hasara, kwa hivyo waligeuza nafaka kuwa wiski. Walilipana nayo, walinunulia nayo vitu. Kutoza wiski ilikuwa kama mtu aje atoze M-Pesa yako ndani ya mfuko wako.

Ikafika 1794, maafisa wa kodi wanashambuliwa, nyumba ya mmoja inachomwa. Rais George Washington akakusanya wanajeshi karibu 13,000 akaenda kuzima. Halafu cheki hii: alipoacha urais 1797, Washington huyo huyo akafungua kiwanda cha wiski shambani kwake Mount Vernon. Wiski gani? Ya rai. Mwaka 1799 kilitoa zaidi ya lita 40,000, na kazi ikifanywa pia na watumwa wake.

Kwa nini nakuambia? Kwa sababu Juni 2024 sisi tulikuwa barabarani juu ya Finance Bill, na mswada ule ulikuwa na pendekezo la kubadilisha vile pombe inatozwa. Mswada ukaondolewa. Lakini Desemba 2024 bunge likapitisha mabadiliko ya sheria za kodi, na wazo lile la pombe likarudi kupitia mlango huo. Wengi hatukuona. Tulikuwa kwa Krismasi.

Hesabu ambayo muuzaji hataki upige

Zamani pombe kali ilitozwa kwa lita. Ilikuwa shilingi 356.42 kwa kila lita, iwe na nguvu sana ama kidogo. Kuanzia mwisho wa Desemba 2024, pombe kali inatozwa kwa nguvu yake: shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi safi iliyo ndani.

Usiogope, ni hesabu ya darasa la sita. Mzinga ni 750ml, hiyo ni sentilita 75. Kama nguvu yake ni asilimia 40, alkoholi safi ni sentilita 30. Mara kumi, ni shilingi 300. Hiyo ni ushuru wa bidhaa peke yake. Bado VAT ya asilimia 16. Na kama chupa imetoka ng'ambo, kuna ushuru wa forodha na ada zake.

Sasa rudi kwa ile chupa ya jamaa yangu. Lebo ilisema asilimia 45. Hiyo ni sentilita 33.75 za alkoholi safi, yaani ushuru wa shilingi 337.50. Bei ni 900 na VAT iko ndani, kwa hivyo VAT ni kama 124. Toa zote mbili, unabaki na kama 438.

Hiyo 438 ndiyo inatakiwa ilipe mkulima wa rai Marekani, kiwanda, pipa jipya la mwaloni, miaka wiski ilikaa ndani ya pipa, chupa ya kioo, kizibo, meli hadi Mombasa, forodha, mwagizaji, gari, muuzaji wa jumla, na huyo msee wa status naye apate yake. Na akuletee hadi Ukunda.

Manze, haiwezekani. Si kwamba ni bei poa. Ni hesabu haifungi. Kwa hivyo kuna njia mbili tu: ama imepitishwa magendo bila kodi, ama kilicho ndani si kilichoandikwa nje. Na wewe mnunuzi huwezi kujua ni ipi kati ya hizo.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kwota. Chupa ya 250ml yenye asilimia 40 ina sentilita 10 za alkoholi safi. Ushuru ni soo moja. Ongeza VAT ya huo ushuru, ni 116. Bado hujalipia pombe yenyewe, chupa, usafiri wala faida. Ukiuziwa kwota ya asilimia 40 kwa 120, jiulize huyu muuzaji anakufanyia sadaka kwa nini.

Chupa tupu ina bei kuliko unavyodhani

Hii sehemu nilimwambia jamaa yangu kwa sauti ya chini, maana inamhusu moja kwa moja. Mtu anayetengeneza feki anaweza kupata spiriti. Anaweza kupata rangi ya karameli. Kitu kigumu kwake ni chupa original yenye lebo original. Na hizo chupa ziko wapi? Ziko nyuma ya baa za watalii, kwa makreti, kila asubuhi.

Chupa ya wiski ya bei inaondoka Diani ikiwa tupu, inauzwa kwa bei ya takataka, halafu inarudi mtaani imejaa. Lebo ni ya ukweli. Kioo ni cha ukweli. Kilichobadilika ni kilicho ndani. Ndio maana kumwambia mtu "angalia lebo vizuri" haitoshi. Lebo inaweza kuwa haina makosa hata moja.

Na si mchezo. Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa kwa siku chache baada ya kunywa pombe yenye sumu, Embu, Kiambu na kaunti zingine. Februari 2024, kijiji cha Kangai huko Kirinyaga kilizika watu 17. Ile ya Kirinyaga ilikuwa na uchungu wa aina yake, maana ilielezwa kwamba pombe hiyo ilikuwa eksibiti iliyoshikwa na polisi ikapata njia ya kurudi mtaani.

Muuaji mara nyingi ni methanoli. Ni alkoholi ya viwandani, ya kutengenezea rangi na kusafisha vitu. Haina rangi, na ukichanganya na pombe ya kawaida huwezi kuitofautisha kwa harufu wala ulimi. Mwili ukiivunja, inageuka kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mbaya zaidi, haikushiki hapo hapo. Unaweza kulala ukidhani uko sawa, kesho yake ndio unaanza kuona ukungu, kichwa kinapasuka, unatapika, pumzi inakuwa nzito. Watu wanadhani ni hangover. Wanakunywa maji, wanalala tena. Wengine hawaamki.

Kwa hivyo shika hii: mtu akianza kuona vibaya baada ya kunywa, hiyo si hangover. Ni hospitali, sasa hivi, na mwambie daktari alikunywa nini. Methanoli ina matibabu, lakini yanataka mapema. Na zile za "washa kiberiti uone rangi ya moto" ama "itikise uone povu" ziache huko huko. Hakuna jaribio la jikoni la kukuhakikishia kinywaji ni salama.

Serikali nayo inasemaje?

Tarehe 30 Julai 2025 waziri wa usalama wa ndani Kipchumba Murkomen alizindua sera mpya ya taifa ya pombe na dawa za kulevya. Kilichopasua mtandao ni umri: kutoka 18 hadi 21. Lakini kwa mtu wa Kwale, kuna kingine kikubwa kuliko umri. Sera inapendekeza pombe isiuzwe mtandaoni, wala supamaketi, wala kwa mikahawa, wala kwa fukwe za umma.

Fukwe, mwanangu. Diani.

Baada ya kelele, NACADA ikatoka ikafafanua kwamba sera si sheria, ni mwongozo, na lazima bunge lipitishe sheria ndio ianze kukushika. Ni kweli. Sheria inayotumika ni ile ya 2010, wengi mnaijua kama Sheria ya Mututho, na umri ndani yake ni 18. Pia Katiba imepea kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe, kwa hivyo Kwale nayo ina sauti yake.

Mimi siwezi kukudanganya kwamba sera yote ni mbovu. Kuna vitu pale ndani ukikaa chini na mama wa Kinango aliyepoteza kijana kwa pombe, hutaweza kumpinga. Hao watoto wa shule wanaoletewa chupa kwa boda si hadithi. Ile ya mtandaoni pia naielewa, kwa sababu jamaa yangu alikuwa karibu kuuziwa sumu kwa status.

Lakini fikiria hivi. Supamaketi ni mahali unapewa risiti. Kuna kamera, kuna kampuni inayoweza kushtakiwa. Ukifunga hapo, yule anayetaka kununua hageuki kuwa mtawa. Anatafuta mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma hauna risiti. Utafiti wa Euromonitor, uliotolewa 2025, ulisema asilimia 60 ya pombe inayouzwa Kenya ni haramu. Utafiti huo ulitoka kwa upande wa watengenezaji pombe, na wao wana sababu zao za kutaka kodi ishuke, kwa hivyo ichukue na chumvi kidogo. Hata ukiikata nusu, bado ni soo ya kutisha.

Hapo ndipo serikali na viwanda wanatupiana mpira. Viwanda vinasema punguzeni kodi, watu watanunua halali. Serikali inasema pombe ikiwa rahisi vijana wataisha. Wote wana ukweli nusu nusu. Ila kuna swali ambalo sisikii likiulizwa: kwa nini mfuniko wa feki unapita vizuizi vyote vya barabara kutoka Mombasa hadi Ukunda, halafu msako unaishia kwa mama mwenye mtungi wa mnazi?

Mgema naye ana lake

Ukiongea pombe Kwale bila kutaja mnazi, umeongea upepo. Kila msako ukitangazwa, kama ule wa Machi 2024 chini ya Kithure Kindiki, viongozi wa Pwani wanalalamika kwamba mnazi unatupwa kapu moja na chang'aa na spiriti za sumu. Na hapo wana pointi.

Mnazi haupikwi. Mgema anapanda, anakata, utomvu unadondoka ndani ya kibuyu na unaanza kuchacha wenyewe. Asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, kesho kutwa unaenda kuwa siki. Hauwezi kukaa stoo miezi sita ukingoja feki. Na kwa mangwe unamjua mgema kwa jina, unajua na mnazi wake uko upande gani wa barabara. Akikuuzia kitu kibaya, kesho atakutana na mama yako sokoni.

Lakini tusijidanganye pia. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo wengine hawatii maji tu, wanatia vitu vya kuongeza nguvu, na mnazi ukishatiwa kitu si mnazi tena. Funzo ni lile lile la rye: usalama wa kinywaji unaanzia kwa kujua kimetoka kwa nani. Mnazi una mgema. Chupa ya kiwandani, mgema wake ni stempu.

Kwa hivyo jifunze kusoma stempu. Kila chupa halali ina stempu ya ushuru ya KRA. Kuna programu ya simu inaitwa Soma Label, ni ya KRA wenyewe. Unaskani stempu, inakuambia ni kinywaji gani na kimetoka kwa nani. Nilimwambia jamaa amwambie yule msee wa status atume picha ya stempu, karibu, inaonekana vizuri. Ikachukua dakika kumi na maneno mengi. Picha ikaja. Tukaskani. Programu ikaleta jina la kinywaji kingine kabisa, wala si wiski.

Jamaa akanyamaza kidogo, halafu akaandika neno moja: "Aisee."

Sawa basi, ununue nini?

Sasa tufike kwa kazi. Una miaka inayoruhusiwa, unataka rye ya kujifunza ama ya kuonja na mbogi, na mfuko wako ni wa kawaida. Hivi ndivyo ningefanya.

Soma lebo kabla ya bei. Ukiona neno Straight, maana yake imekaa kwa pipa si chini ya miaka miwili. Kama iko chini ya minne, sheria yao inataka umri uandikwe. Ukiona Bottled in Bond, hiyo inafuata sheria ya 1897: imetoka kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa miaka minne na nguvu ni asilimia 50 kamili. Sheria hiyo ilikuja kwa sababu Marekani yenyewe ilikuwa imejaa wiski feki, watu wakichanganya spiriti na rangi. Umeona? Hata wao walipitia hapa tulipo.

Chunga ya Kanada. Kanada wanaita wiski yao rye kwa mazoea ya zamani, lakini sheria yao hailazimishi rai iwe nyingi. Si mbaya, nyingi ni laini na za kunywewa bila shida, ila ukitaka ule ukali wa viungo unaweza kukosa.

Ya kuonja polepole. Tafuta nguvu ya 40 hadi 45. Bulleit Rye ni asilimia 45, na asilimia 95 ya nafaka zake ni rai, kwa hivyo ukitaka kujua ladha yenyewe, hiyo ni shule. Jack Daniel's Rye ina asilimia 70 ya rai, ni laini kidogo. Jim Beam Rye kwao huko ni ya watu wa kawaida, haina maringo. Weka toti moja, ongeza matone ya maji, ngoja dakika mbili. Usiichape kama unakimbizwa.

Ya kokteli. Hapa nguvu ni rafiki. Barafu ya Diani inayeyuka ukiangalia, na wiski ya asilimia 40 inazama upesi. Rittenhouse ya asilimia 50 na Wild Turkey 101 Rye ya 50.5 ndizo baa nyingi za Marekani zinategemea, kwa sababu zinasimama hata barafu ikiisha. Kumbuka tu kwamba kwa ile kodi mpya, mzinga wa asilimia 50 unalipa 375 ya ushuru badala ya 300. Hapo utaona pia bei imepanda.

Ukikosa rye. Ukweli ni kwamba kwa wines nyingi za Kwale hutaipata. Usilazimishe. Chukua bourbon yenye rai nyingi ndani, kama Bulleit ya kawaida ambayo ina asilimia 28, uifanyie mazoezi. Kama una msee anatoka majuu, mtu mzima anaruhusiwa kuingia na lita moja ya pombe kali bila kutozwa. Mzinga mmoja unatosha.

Gawanya kwa toti, si kwa mzinga. Mzinga una toti 25 za 30ml. Tuseme umeupata halali kwa ngiri tatu. Hiyo ni 120 kwa toti. Mkichanga watu watano, kila mtu ni 600, na kila mtu ana toti tano, za wikendi mbili ama tatu, si za saa moja. Ile ya 900 ni 36 kwa toti. Rahisi sana, mpaka uweke bei ya macho.

Manhattan yenyewe ni hivi, kwa wale mko kwa kaunta: sehemu mbili za rye, sehemu moja ya vermouth tamu, matone mawili matatu ya Angostura, koroga na barafu, chuja. Na ukitaka kuwashangaza wageni, chukua ile Dawa yetu ya vodka, ndimu na asali ambayo Carnivore ya Nairobi iliipa jina, toa vodka, weka rye. Kipande cha tangawizi ndani. Ukali wa rai na tangawizi ni ndugu wa tumbo moja. Hiyo mgeni hatapata Kentucky.

Na jambo moja kwa mabaharia wa baa wote wa Diani, Tiwi na Ukunda: chupa ikiisha, chana lebo ama vunja. Najua kuna mtu anakupea shilingi kadhaa kwa kila moja. Lakini hiyo chupa haiendi mbali. Inapanda matatu, inapita Kwale, inafika nyumbani kwenu.

Jamaa yangu hakununua. Wiki iliyofuata alimwomba msimamizi wake amuonjeshe toti moja ya rye iliyokuwa imekaa kwa shelfu ya juu bila mtu kuigusa. Akaonja, akanipigia simu. "Kumbe ni pilau," akasema. Sasa anaitengeneza Manhattan bila kubahatisha, na ile picha ya chupa ya 900 bado iko kwa simu yake. Anasema hawezi kuifuta, anaionyesha wasee wengine kazini.

Wewe pia, kabla hujatuma hiyo pesa, toa simu upige hesabu. Sentilita mara kumi, ongeza VAT. Ikikataa kufunga, wachana nayo.